Goti bandia: Mgonjwa akishatoka hospitalini, kazi ndiyo kwanza inaanza

MGONJWA aliyewekwa goti bandia aghalabu hulazwa kwa siku chache tu, kisha huambiwa aende zake nyumbani. Jamaa hufurahi, gari hukodishwa, na mama mzee anapofika mlangoni hupokewa kwa vigelegele, chai ya maziwa na kitanda kilichotandikwa vizuri.

Hapo, katika kitanda hicho kizuri, ndipo ilipo hatari ya kwanza.

Katika chumba cha upasuaji, daktari wa mifupa hukata ncha zilizolika za mfupa wa paja na za muundi, akazifunika kwa chuma na kuweka kipande cha plastiki ngumu katikati. Kazi hiyo humchukua saa moja na nusu au mbili hivi. Lakini kukunja goti, kulinyoosha, kupanda ngazi na kuinuka kitini bila kushikwa mkono ni mambo ambayo daktari hawezi kumfanyia mtu. Hayo hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe hufanyika nyumbani, hasa katika majuma sita ya kwanza wakati kovu la ndani lingali laini.

Kovu hilo likikakamaa kabla goti halijazoea kukunjika, mgonjwa huenda akabaki na mguu mkavu kama mwimo wa mlango. Baadhi yao hulazimika kurudishwa hospitalini, wakapewa dawa ya usingizi ili daktari alikunje goti kwa nguvu. Ni gharama na maumivu ambayo mara nyingi yangeepukika.

Ndiyo maana huruma ya jamaa, isipoongozwa, huweza kumdhuru mgonjwa kuliko uzembe wao. Binti anayemwambia mamake, "Pumzika, mama, usiinuke, tutakuletea kila kitu hapo ulipo," anasema kwa mapenzi. Hata hivyo, anamnyima mamake dawa ambayo haiuzwi katika duka lolote.

NAIROBI AU KIJIJINI?

Swali la kwanza ambalo familia nyingi nchini Kenya hukabiliana nalo ni mahali ambapo mgonjwa atauguzwa. Upasuaji huu hufanyika katika hospitali kubwa za mijini, ilhali wengi wanaouhitaji ni wazee ambao makao yao yako mashambani.

Chukua mfano wa mama wa miaka 68 aliyepasuliwa Nairobi na ambaye boma lake liko magharibi mwa Kenya. Mwanawe wa Nairobi anaishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Kijijini hakuna ngazi, lakini choo ni cha shimo, kipo hatua arobaini nyuma ya nyumba, na njia yake huteleza mvua inaponyesha. Amwelekeze wapi?

Hakuna jibu moja kwa wote, na uamuzi hufaa kufanywa pamoja na daktari kabla ya siku ya upasuaji, si kwenye lango la hospitali. Lakini mambo mawili huelemeza mizani upande wa kubaki mjini kwa muda. Nyuzi au pini za mshono hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na ni vyema zitolewe na watu waliozitia. Pili, safari ya saa saba au nane ndani ya matatu, magoti yakiwa yamebanwa kwenye kiti cha mbele, humpata mgonjwa katika kipindi kile kile ambacho damu huwa rahisi kuganda katika mishipa ya miguu.

Ngazi za ghorofa, kinyume na wengi wanavyodhani, si kikwazo kikubwa hivyo. Wagonjwa wengi hufunzwa kuzipanda kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na kanuni ni moja tu: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka. Mkono mmoja hushika kishikio cha ngazi na mwingine gongo. Jamaa anayesaidia husimama ngazi moja chini ya mgonjwa, iwe anapanda au anashuka.

Iwapo ni lazima asafiri mapema, daktari aulizwe kwanza. Akiruhusu, mgonjwa aketi mahali atakapoweza kunyoosha mguu, na gari lisimame kila baada ya saa moja au mbili ili ashuke atembee kidogo. Njiani asiache kuchezesha nyayo juu na chini. Bodaboda, hata kwa kilomita moja kutoka barabarani hadi nyumbani, ni jambo la kusahauliwa kabisa katika majuma hayo.

Popote atakapokwenda, mgonjwa asitoke hospitalini bila barua inayoeleza aina ya upasuaji, dawa anazotumia, tarehe ya kurudi na nambari ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Barua hiyo ndiyo itakayomwongoza mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya kaunti iliyo karibu na nyumbani. Kuhusu malipo, ikumbukwe kwamba NHIF iliyozoeleka iliondoka na nafasi yake kutwaliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Familia iulize mapema ni huduma zipi zitakazolipiwa baada ya mgonjwa kutoka wodini, fiziotherapia ikiwa miongoni mwazo, kwani bila kuuliza huenda ikashtukizwa na deni.

KITI, CHOO NA ZULIA

Nyumba hufaa kutayarishwa kabla mgonjwa hajaondoka kwenda kupasuliwa. Anayetembea kwa magongo hawezi kuinua mguu ipasavyo, basi kila kitu kilicho sakafuni huwa mtego: zulia lililokunjamana, waya wa runinga, viatu vya watoto mlangoni, hata kuku anayeingia sebuleni. Malapa nayo yawekwe kando. Kiatu kinachofaa ni kile kinachoshika kisigino, chenye soli isiyoteleza.

Kochi la chini linalomeza mtu ni adui. Mgonjwa anahitaji kiti kigumu chenye mikono, ambacho kimo chake ni sentimita 45 hadi 50, ili nyonga zisiwe chini ya magoti. Kiti cha plastiki kinachopatikana karibu kila nyumba kinaweza kutumika, mradi kiegemezwe ukutani, maana kikiwa katikati ya sakafu ya saruji huteleza pindi mtu anapokisukuma ili ainuke. Kigoda cha jikoni na kile cha kukamulia ng'ombe vipewe likizo ndefu.

Choo cha shimo ndicho kigumu zaidi, na mara nyingi ndicho ambacho hakuna aliyekitaja hospitalini. Kuchutama huhitaji goti likunjike kupita digrii 120, ilhali mguu uliopasuliwa majuzi haufiki hata 90. Fundi wa mbao kijijini anaweza kutengeneza kiti imara kilichotobolewa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na nguzo mbili za kushikilia zikasimamishwa kila upande. Usiku kiti hicho hicho huweza kuwekwa chumbani na ndoo chini yake. Wazee wengi huona aibu kwa hilo, na pengine huacha kunywa maji jioni ili wasisumbue watu. Afadhali ndoo. Mzee akianguka gizani njiani kuelekea chooni, anaweza kuvunja mfupa wa paja uliozunguka chuma kipya, na upasuaji wa kuurekebisha ni mgumu mara kadhaa kuliko ule wa kwanza.

Magongo yenyewe yakaguliwe. Mipira ya chini ikiwa imelika, inunuliwe mipya. Uzito hubebwa na viganja. Anayeegemeza kwapa huishia kupata ganzi mikononi. Mgonjwa anapofikia hatua ya kutumia mkongojo mmoja, aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wengi huushika upande wa mguu mbovu, wakadhani ndivyo.

MTO UNAOPENDEZA

Goti lililopasuliwa hupata nafuu likikunjwa kidogo tu. Kwa sababu hiyo mgonjwa huomba mto wa kuweka chini yake, na jamaa humpa upesi. Mto huo usiwekwe. Goti linalolala limekunjwa usiku kucha hujifunza kukaa hivyo, na baada ya majuma machache haliwezi tena kunyooka sawasawa. Anayekosa digrii chache za kunyoosha hutembea akichechemea, paja likichoka kila siku, hata kama kukunja kwake ni kuzuri. Mto, au taulo iliyoviringwa, uwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia bila kushikiliwa na kitu. Dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku. Huuma, na kuuma huko ndiko kunyooka.

Madaktari hupima mwendo wa goti kwa digrii. Mguu ulionyooka kabisa ni sifuri. Uliokunjwa kama pembe ya meza ni 90. Kutembea mahali tambarare huhitaji zipatazo 65 au 70, kupanda ngazi 85 hivi, na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono zaidi ya 90. Wagonjwa wengi huhimizwa wakaribie 90 kufikia juma la pili na wafike 110 hivi kufikia la sita, japo lengo la kila mmoja hutegemea goti lilivyokuwa kabla ya kisu. Aliyeingia hospitalini akiwa na goti lililokauka kwa miaka kumi asijilinganishe na jirani.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. La kwanza ni la nyayo: mgonjwa akiwa amelala, azivute juu na kuzisukuma chini, mara kumi kila saa anapokuwa macho, ili damu isituame. La pili ni kukaza msuli wa mbele wa paja kwa kusukuma goti chini dhidi ya godoro, kuhesabu hadi tano, kuachilia, na kurudia mara kumi. Msuli huo husinyaa upesi ajabu baada ya upasuaji, na ndio unaomshikilia mtu asianguke.

La tatu ndilo gumu, nalo ni la kukunja. Mgonjwa huketi kitandani, kisigino kikiwa juu ya sinia ya plastiki au ndani ya soksi inayoteleza. Leso hupitishwa chini ya wayo kama hatamu, ncha zake zikashikwa kwa mikono miwili. Huvuta taratibu hadi goti likatae, hushikilia hapo kwa sekunde chache, kisha hulegeza. Baadaye huweza kulifanya akiwa kitini, akiuburuta wayo kurudi nyuma chini ya kiti. Mara tatu kwa siku zatosha, na husaidia kuzifunga na shughuli isiyosahaulika: baada ya kiamsha kinywa, baada ya chakula cha mchana, na kabla ya taarifa ya habari ya saa moja jioni.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mtu amepitiliza. Maumivu ya mazoezi yanayotulia katika muda wa saa moja au mbili ni ya kawaida. Yakidumu hadi usiku na goti likavimba kuliko asubuhi, basi kesho yake apunguze, lakini asiache. Kutembea nako ni vivyo hivyo: dakika tano mara sita kwa siku ni bora kuliko nusu saa kwa mpigo mmoja kisha kulala hadi jioni.

Uvimbe humfuata mgonjwa kwa miezi mitatu, pengine sita. Barafu iliyofungwa ndani ya taulo huwekwa juu ya goti kwa dakika 15 au 20, mara nne au tano kwa siku, hasa baada ya mazoezi. Isiguse ngozi wala isiloweshe mshono. Mfuko wa minji zilizogandishwa hufanya kazi ile ile, na pasipo na friji taulo iliyoloweshwa maji baridi ikakamuliwa vizuri ni afadhali kuliko bure, mradi mshono umefunikwa. Anapopumzika, mguu mzima uinuliwe juu ya usawa wa moyo, ukiwa umeegemezwa tangu kwenye shavu hadi kisigino.

MKANDAJI ASIINGIE

Karibu kila kijiji kina bingwa wa kukanda. Akisikia kwamba mama fulani amerudi na mguu uliovimba, atakuja na mafuta yake, maji moto na nia safi. Kwa mguu uliotoka kupasuliwa, ujuzi huo unaweza kuua.

Sababu yake ni hii. Baada ya upasuaji wa goti damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya shavu la mguu au ya paja. Bonge hilo likiachwa mahali pake, dawa huweza kulizuia lisikue huku mwili ukiliyeyusha. Likisukumwa kwa vidole vya mkandaji, huweza kung'oka, likapanda na damu hadi mapafuni na kuziba njia. Mgonjwa aliyekuwa akizungumza na wageni hukosa pumzi ghafla.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika majuma ya mwanzo na haiishi kabisa kabla ya miezi mitatu hivi. Ndiyo maana mgonjwa hurudi nyumbani na dawa ya kuzuia damu kuganda, ya sindano au ya vidonge, ya kutumia kwa muda wa kati ya majuma mawili na matano kwa kawaida. Asiikatize eti kwa kuwa anajihisi vizuri. Wakati anapoitumia, miti shamba ya kuchemshwa iwekwe kando hadi daktari aulizwe, kwa kuwa baadhi yake huongeza kutokwa na damu. Supu ya mifupa haina ubaya.

Ishara za bonge la damu ni shavu la mguu kuuma, kuwa gumu, moto na kuvimba kupita siku zilizotangulia. Hapo aende hospitali siku iyo hiyo. Akipata maumivu ya kifua, akatweta au akakohoa damu, ni dharura, na hakuna kungoja kupambazuke. Kwa upande mwingine, weusi unaoteremka hadi kifundoni katika juma la kwanza huwatisha wengi bure. Ni damu ya upasuaji inayoshuka chini ya ngozi.

Kuna mambo mengine yanayotisha bila kudhuru. Ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hukatwa kisu kinapopita. Eneo hilo hupungua kadiri miezi inavyosonga, japo huenda lisiishe kabisa. Goti hutoa mlio wa kugonga, kwani ni chuma na plastiki. Nalo huwa na joto kuliko lile jingine kwa miezi kadhaa.

Joto linalohofiwa ni lile linaloandamana na wekundu unaoenea, usaha au majimaji yasiyokoma kwenye mshono, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au homa ya digrii 38 na zaidi. Hapa ndipo kosa jingine la kawaida hutendeka. Kijana hutumwa kwenye duka la dawa kununua kapsuli za kuua viini, mama akazimeza kwa siku tano, usaha ukakauka, na kila mtu akashusha pumzi. Kumbe viini vimejificha juu ya chuma, mahali ambapo damu haifiki, na vipimo vitakapofanywa baadaye havitavionyesha kwa urahisi. Maambukizi yakigunduliwa katika siku za mwanzo, daktari huweza kuliosha goti na kuliokoa. Yakichelewa, goti lote huenda likang'olewa. Kapsuli zisinunuliwe, daktari aliyepasua apigiwe simu.

Mshono wenyewe hautaki mambo mengi. Usifunuliwe ovyo, usilowe hadi daktari aruhusu, wala usipakwe mafuta, majivu, maji ya chumvi au spiriti. Mgonjwa wa kisukari apime sukari kwa bidii kuliko zamani, kwa sababu inapopanda kidonda huchelewa kupona. Mvutaji sigara naye ana sababu nyingine ya kuacha.

Kuhusu maumivu, wengi hukosea kwa kungoja yazidi ndipo wameze dawa. Katika majuma ya kwanza dawa hunywewa kwa saa zake, na dozi moja hupangwa nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, na ikumbukwe kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Tramadoli na jamaa zake husababisha kizunguzungu na kufunga choo. Mapapai, maharagwe, mboga na maji mengi husaidia. Diklofenaki inayonunuliwa kiholela si ya kuchezewa na mzee mwenye shinikizo la damu, mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

JUMA LA TATU

Juma la kwanza nyumba hujaa wageni. Kufikia la tatu wamekwisha kwenda zao, dawa kali zimepunguzwa, usingizi umekatika kwa sababu hakuna mlalo unaomridhisha, na goti bado limevimba kama boga. Ni wakati huo ambapo wagonjwa wengi husema wanajuta kupasuliwa. Baadhi hulia faraghani. Jamaa wakijua kwamba kipindi hicho huja na hupita, hawataharakisha kusema kuwa daktari alikosea. Msaada mkubwa wakati huo ni mtu wa kuketi naye akihesabu mazoezi, na daftari la kuandika kila siku amekunja kiasi gani na ametembea hadi wapi, maana anayeishi ndani ya maumivu haoni kwamba juma lililopita hakuweza kufika langoni.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufaa kumwona mara kwa mara katika kipindi hiki. Anayeitwa kuja nyumbani aombwe leseni ya baraza linalosimamia taaluma hiyo, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Wako wakandaji wanaojiita wataalamu.

Baada ya majuma sita mengi hulegea. Kuendesha gari huruhusiwa karibu wakati huo, ikiwa mguu unaweza kukanyaga breki kwa ghafla na dereva hatumii tena dawa za kulevya usingizi. Kazi ya ofisini huweza kuanza kati ya juma la nne na la nane. Jembe lingoje miezi mitatu au zaidi, na likirudi liwe la saa chache. Kubeba gunia au mtungi kichwani hulielemea goti kila hatua.

Kupiga magoti huulizwa na kila mgonjwa, na wengi huona haya kuuliza. Mshono ukishapona na daktari akaridhika, kupiga goti juu ya mto laini hakuvunji chuma, ingawa wengi hukuona kama kukanyaga kokoto na wengine hawakuzoei kamwe. Waumini katika makanisa huweza kuketi wakati wenzao wanapiga magoti. Mwislamu mgonjwa ameruhusiwa kuswali akiwa kitini, na misikiti mingi huweka viti kwa ajili hiyo. Kuchutama kabisa ni jambo ambalo wengi hawalirudii tena, kwa hivyo kile kiti cha fundi kwenye choo kisichomwe kuni.

Nguvu huendelea kurejea kwa muda wa mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mnamo 2019 ulikadiria kwamba takriban asilimia 82 ya magoti kamili ya bandia hudumu kwa miaka 25. Yanayolifupishia goti maisha ni uzito mkubwa wa mwili, kukimbia na kurukaruka, na viini vinavyofika kupitia damu hata baada ya miaka mingi. Kwa ajili hiyo jino lililooza, kidonda cha kidole cha mguu au funza vitibiwe mapema, na daktari wa meno aambiwe kwamba mgonjwa ana goti la chuma. Vivyo hivyo maafisa wa usalama katika uwanja wa ndege, maana mashine yao italia.

Wenye magoti mawili mabovu huanza kuulizia la pili wakati la kwanza lingali na joto. Madaktari wengi huwaambia wangoje walau miezi mitatu, na katika muda huo goti lililokwisha tengenezwa lipate nguvu ya kubeba mwili peke yake wakati mwenzake atakapokuwa kitandani.